Nimemchamba somo yangu kwa ajili ya kipimo ambacho mwenyewe nakikimbia

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, watoto watatu, nauza nguo za watoto sokoni Tandika. Mume wangu ni dereva wa lori njia ya Tunduma, akikaa nyumbani wiki nzima ni bahati. Nakuandikia usiku huu kwa sababu mchana simu yangu siigusi kabisa, imekuwa kaa la moto.

Mama yangu alifariki mwaka 2016 kwa saratani ya shingo ya kizazi. Alianza kuona damu wakati hedhi ilishamkatika siku nyingi, akanyamaza. Hata mimi mwanawe aliona haya kuniambia. Mpaka tunamfikisha Ocean Road, hospitali ya saratani, ugonjwa ulishakwenda mbali. Nilimuuguza mimi. Tulikuwa tunafukiza udi chumbani ili wageni wasisikie harufu, na mpaka leo nikiingia harusini nikakutana na moshi wa udi, tumbo linanikata.

Kwa hiyo kupima najua natakiwa kupima, hilo sihitaji kuambiwa. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza ni kituo kimoja cha afya, jina naliacha. Muuguzi alifungua mlango akapaza sauti, "Wale wa kupanua miguu wako wapi?" Foleni nzima ikacheka, hadi wanaume waliokuja kupima malaria. Nikajifanya napokea simu, nikatoka. Mara ya pili ilikuwa siku ya kupima bure, nikapewa namba 14. Ilipoitwa 12 nikasimama nikaondoka. Nilikuja kujitambua niko ndani ya daladala, na kondakta ananidai nauli.

Sasa hapa ndipo lilipo balaa. Tuna kikoba chetu cha wanawake 31, na tuna grupu la WhatsApp. Mweka hazina ni mama mtu mzima ambaye ndiye alikuwa somo yangu nilipoolewa. Alinilea kwa maneno na kwa vitendo, siwezi kueleza zaidi gazetini. Wiki mbili zilizopita akatuma ujumbe wa kufowadiwa unaosema majani ya mstafeli yanaua saratani kuliko dawa za hospitali, na kwamba kile chuma wanachoingiza wakati wa kupima ndicho kinachoamsha saratani iliyolala. Chini yake akaweka na voisi noti: dada yake aliingia hospitali anatembea kwa miguu yake, wakamkata kinyama cha kupima, miezi mitatu baadaye wakamzika.

Shangazi, sijui nilipatwa na nini. Nilimjibu hapo hapo, mbele ya wote. Niliandika marefu, nikamchamba. Na katika kuchamba huko nikaandika, "Ujinga kama wako ndio uliomuua dada yako."

Grupu likagawanyika. Wengine wakanipigia makofi, wengine wakasema sina adabu, wawili wakaleft. Kuna aliyepiga skrini shoti akapeleka kwa ndugu wa mume wangu. Halafu dada mmoja akauliza swali moja tu: "Na wewe mwenzetu, umepima lini?"

Nikaandika, "Mwaka jana, na niko salama."

Uongo, Shangazi. Sijapima maishani. Na kibaya zaidi, wanachama watatu wamenifuata pembeni wanataka niwasindikize kwa kuwa mimi mzoefu. Tumeahidiana Jumanne ya wiki ijayo.

Somo hajanijibu mpaka leo, wala hajaniondoa kwenye kikoba. Jumapili kwenye mkutano alipokea hisa zangu, akaandika daftarini, hakuniangalia. Kutoka siwezi, fedha zangu zote ziko humo na tunavunja Desemba. Hata sinia lake nililoazima kwenye kisomo cha mama bado liko kwangu.

Niambie ukweli. Nianzie wapi? Na kile kipimo kinaumaje? Na nikikutwa na kitu, mume wangu hatasema nilikuwa nahangaika akiwa safarini?

Ni mimi,
Mkimbizi wa Foleni, Tandika

Nyongeza: mara mbili mwezi huu nimeona damu kidogo baada ya kukutana na mume wangu. Nadhani ni uchovu.


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini. Umeandika ukurasa mzima juu ya grupu, halafu jambo kubwa kuliko yote ukalisukuma kwenye nyongeza kama mtu anayeficha bili ya umeme chini ya kitambaa cha meza. Damu baada ya tendo la ndoa si uchovu. Uchovu hautoi damu. Mara nyingi chanzo huwa kitu kinachotibika bila makubwa: maambukizi, kinyama kidogo kilichoota kwenye mlango wa kizazi, au hata sindano ya uzazi wa mpango kama unaitumia. Lakini ni miongoni mwa dalili ambazo daktari lazima azitazame kwa macho, hasa kwa mtu ambaye mama yake alianza vilevile, kwa damu, akanyamaza.

Kwa hiyo Jumanne ya wiki ijayo uisahau. Kesho asubuhi nenda hospitali, na ukifika dirishani usiseme "nimekuja kupima". Sema, "Natoka damu baada ya kukutana na mume wangu." Ni vitu viwili tofauti. Uchunguzi ni wa mtu asiye na dalili yoyote, na akiambiwa arudi kesho anaweza kurudi kesho. Wewe una dalili, una haki ya kuonwa na daktari siku hiyo, na hata kama hedhi inakaribia usiifanye sababu ya kusubiri.

Sasa umeuliza kinaumaje. Nitakujibu kwa kirefu, maana naona unachokiogopa kina sura ya chumba cha mama yako, na chumba cha kupimia hakina sura hiyo.

Utaingia chumba chenye kitanda na taa. Utavua nguo ya ndani tu. Chukua khanga yako mwenyewe ujifunike, inasaidia kuliko unavyodhani. Utalala chali, magoti juu. Muuguzi ataingiza kifaa wanachokiita spekula, kimekaa kama mdomo wa bata, kinachoachanisha kuta za uke ili mlango wa kizazi uonekane. Utasikia baridi, halafu kubanwa, kama mtu aliyejibana mkojo kwenye foleni ya Mbagala. Hapo ukikaza mapaja kinauma, ukitoa pumzi ndefu kinapungua. Kisha atapaka siki kwa pamba. Ndiyo, siki. Makali yake ni asilimia 3 hadi 5, haizidi ile ya kachumbari. Anasubiri kama dakika moja anaangalia. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe, zilizo nzima hubaki na rangi yake. Basi. Kuanzia kulala hadi kuamka ni dakika chache, na majibu unapewa hapo hapo.

Mimi nilikwenda nina miaka 41. Nilitetemeka mpaka muuguzi akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia hapana, nina woga. Akacheka, akanishika goti, akaniambia, "Ukisema simama, nasimama." Sentensi hiyo ndiyo iliyonipimisha. Kwa hiyo na wewe usiingie umejikausha kama shujaa. Sema, "Nina hofu sana, mama yangu alikufa kwa ugonjwa huu. Naomba unieleze kila unachofanya kabla hujakifanya." Omba muuguzi mwanamke kama ndivyo unavyopenda. Na yule wa "kupanua miguu", mwanangu, alikukosea, tena sana. Ukikutana na wa namna hiyo tena, muulize mganga mfawidhi wa kituo yuko wapi, au hamia kituo kingine. Dar haina kituo kimoja. Kipimo hiki hufanyika katika kliniki nyingi za mama na mtoto, hospitali za wilaya na za mkoa, na pale pale Ocean Road, na katika vituo vingi vya umma hakilipiwi. Uliza kabla ya kukaa kwenye foleni, usije ukashtukizwa.

Ocean Road najua unaiogopa. Kwako ni mahali mama alipoingia na hakupona. Lakini katika jengo hilo hilo wanaingia kila siku wanawake wazima wa afya, wanapimwa, wanatoka na kununua mihogo ya kuchoma ufukweni. Hao hatuwasikii kwa sababu hakuna msiba wa kutangaza.

Tuseme siki imeonyesha weupe. Weupe peke yake haumaanishi saratani. Mara nyingi ni seli ambazo zikiachwa zinaweza kuja kuwa saratani baada ya miaka mingi: Shirika la Afya Duniani linasema miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga iliyoshuka, kwa mfano mwenye VVU asiyetibiwa. Sehemu hiyo huunguzwa kwa joto au hugandishwa kwa baridi kali, mara nyingi siku ile ile, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Utatokwa majimaji kwa wiki kadhaa na utaambiwa upumzike na tendo la ndoa kwa kama mwezi hivi. Kama wataona kitu kinachotia shaka zaidi, ndipo watachukua kinyama kidogo kukipeleka maabara. Nakuambia mapema ili neno "kinyama" lisikukimbize kitandani, maana najua umelisikia wapi.

La mumeo. Karibu saratani zote za shingo ya kizazi huletwa na kirusi cha papiloma, kifupi chake HPV. Watu wengi walioanza tendo la ndoa hukutana nacho wakati fulani, wanaume kwa wanawake, na wengi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili bila wao kujua kilipita. Kinaweza kukaa kimya miaka na miaka. Kwa hiyo kukutwa nacho leo hakusemi nani alikileta, wala lini. Huenda kiliingia kabla hujaolewa, huenda yeye alikuwa nacho kabla hajakujua. Mume akitaka kukifanya ushahidi wa uzinzi, mpeleke kwa daktari amweleze yeye. Usibebe kesi ambayo hakuna hakimu anayeweza kuiamua. Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, muulizie chanjo yake. Nchini mwetu ilianza kutolewa kwa mabinti mwaka 2018, na sasa ni dozi moja.

Sasa tuje kwa somo.

Niliposoma ulichomwandikia niliweka simu mezani nikanyamaza kidogo. Kuhusu mstafeli ulikuwa sahihi. Kuna watafiti waliotazama vitu vilivyomo kwenye mmea ule vikipambana na seli ndani ya vyombo vya maabara, lakini hakuna mgonjwa wa saratani aliyethibitishwa kupona kwa majani hayo, na kuyatumia kwa wingi na kwa muda mrefu kumehusishwa na madhara ya mishipa ya fahamu. Kuhusu chuma pia ulikuwa sahihi, hakiamshi kitu. Lakini kuhusu dada yake hukuwa unazungumzia saratani hata kidogo. Ulichukua kaburi la mtu ukalifanya hoja.

Na tazama hili, maana ndilo lililonifanya nikuchague wewe kati ya barua zote za wiki hii. Wewe ulimzika mama, ukasema: angewahi. Yeye alimzika dada, akasema: asingekwenda. Kwa ninavyosikia, msiba ni ule ule. Mtu anayekatwa kinyama leo na kuzikwa miezi mitatu baadaye, kwa kawaida ni mtu aliyefika hospitali amechelewa, kama mama yako. Ila somo hakuwahi kupata mtu wa kukaa naye mkekani amwambie hivyo polepole. Alipata ujumbe wenye mishale miwili, ule ambao WhatsApp yenyewe inakuonya umeshapita mikononi mwa watu wengi. Ujumbe ule ulimpa kitu ambacho hukumpa wewe: ulimwambia kifo cha dada yake kilikuwa kosa la mtu mwingine.

Wewe je, kwa nini ulipandwa na hasira kiasi kile? Mtu aliyepima akakutwa salama hujibu kwa mistari mitatu na kuendelea kukata vitunguu. Nadhani ulikuwa unagombana na yule mwanamke wa namba 14. Kila neno la somo juu ya chuma ulikuwa umeshajiambia mwenyewe ndani ya daladala.

Basi fanya hivi. Ukishatoka hospitali, vyovyote majibu yatakavyokuwa, nenda kwake. Usipige simu, usitume voisi noti. Nenda jioni, baada ya magharibi, mtu akiwa ameshatulia. Mshike miguu kama ulivyofundishwa, na wewe unajua nani alikufundisha. Omba radhi kwa neno lile moja. Usiombe radhi kwa kusema kwamba kupima kunaokoa, hilo hukukosea, na ukiliweka kwenye radhi utamdanganya mara ya pili. Akishapokea, au hata asipopokea, muulize: "Somo, dada alianza kuumwa lini?" Kisha nyamaza, msikilize hadi mwisho. Usimsahihishe tarehe, usimalizie sentensi zake. Mwambie na ya udi.

Kama siku moja atakuja kukubali, ujue kwamba kwa mama aliyekoma hedhi kipimo cha siki huwa hakionyeshi vizuri, kwa sababu sehemu inayotazamwa huwa imejirudisha ndani. Wahudumu watampa kipimo kingine. Kuna hata kile cha kutafuta kirusi chenyewe ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa kijiti cha pamba bila kupanda kitandani. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021. Ulizeni kituoni kama wanacho.

Kwenye grupu ulimkosea mbele ya watu, kwa hiyo radhi nayo iende mbele ya watu, lakini baada ya kuwa umeshafika kwake, asiisome kwenye simu kwanza. Iwe fupi. Andika hivi: "Ndugu zangu, nilimtamkia somo yangu neno zito kuhusu marehemu dada yake. Nilikosa, nimekwenda kwake kumwomba radhi, na naomba radhi hapa kwa sababu nilisemea hapa. Pia nilisema nilipima mwaka jana. Sikuwa nimepima, niliogopa. Sasa nimekwenda." Ukishatuma, weka simu kabatini na uende ukapike. Watakaokucheka watakucheka siku mbili, bando likiisha watanyamaza. Majibu yako ya hospitali usiyaweke humo. Na huyo mpiga skrini shoti usimjibu kwa skrini shoti, lakini mwombe mwenyekiti akumbushe wanachama kwamba ya grupuni hayatoki nje. Afya ya mtu ina ulinzi wa sheria siku hizi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, si umbeya wa kuchezea.

Mwombe pia mwenyekiti jambo moja: mwalikeni muuguzi wa kliniki ya jirani aje mkutano wa Jumapili, akae nusu saa, aulizwe maswali yote ya chuma na mstafeli uso kwa uso. Wanawake 31 kwenye mikeka hawachambani kirahisi kama wakiwa kwenye simu.

Wale watatu wa Jumanne waambie ukweli kabla hawajausoma grupuni. Mmoja atakasirika. Wengine wawili, nakuhakikishia, watapumua, kwa sababu mtu anayeogopa anapenda kusindikizwa na mtu anayejua woga ulivyo. Na kama kesho utakuwa umeshaonwa, Jumanne utakwenda nao ukiwa unakijua kitanda, taa na siki, na uzoefu waliokudhania watakuwa wamekukuta nao kweli.

Niandikie ukitoka kwa daktari, hata mstari mmoja. Na hilo sinia la watu lirudishe siku hiyo hiyo utakayokwenda kwa somo, wala usilirudishe tupu.

Shangazi